Unafuu Wenye Tarehe ya Mwisho

Lipo neno moja ambalo katika mijadala ya makazi limepewa utakatifu lisioustahili, nalo ni neno "nafuu". Serikali zikijenga, zinajenga nyumba nafuu. Makampuni yakiomba viwanja, yanaomba kwa ajili ya nyumba nafuu. Mashirika yasiyolenga faida yakichangisha fedha, yanachangisha kwa jina la nyumba nafuu. Wachache huuliza: nafuu kwa nani, nafuu kwa muda gani, na siku unafuu huo utakapokoma, nani atabaki na ardhi? Hoja yangu ni kwamba nyumba nafuu iliyosimama juu ya ardhi ambayo wakazi hawana kauli juu yake, na ambayo unafuu wake una tarehe ya mwisho, haiwapi watu makazi. Inawaahirishia tu kufukuzwa. Na anayeahirishiwa kufukuzwa hushukuru kwanza, kisha hushtuka akiwa amekwisha kuzeeka.

Nitaijenga hoja hiyo kwa kuutazama mji mmoja, Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, zaidi ya robo ya wakazi wake wamezaliwa nje ya Marekani, hivyo suala la makazi pale haliwezi kutenganishwa na suala la uhamiaji. Pili, katika muda wa miaka 30 hivi, mitaa mitatu ya wahamiaji katika mji huo ilikabiliwa na tishio la kufutwa, na kila mmoja ukapata hatima yake. Ni nadra historia kutuwekea mezani ulinganisho ulio wazi namna hiyo.

Mtaa wa kwanza ni West End. Hadi katikati ya karne ya 20 ulikaliwa na Waitaliano, Wayahudi, Wapoland na watu wa mataifa mengine waliovuka bahari kutafuta riziki. Majengo yalikuwa ya zamani na vyumba vilikuwa finyu, lakini pango lililipika na majirani walijuana. Wakuu wa mji waliuhukumu kuwa mtaa uliooza, na sheria ya shirikisho ya makazi ya mwaka 1949 ilikuwa imefungua mfuko wa fedha za kubomolea mitaa ya aina hiyo. Kati ya mwaka 1958 na 1960 tingatinga zikaufyeka. Familia zipatazo 2,700 zikatawanyika. Mwanasosholojia Herbert Gans, aliyeishi humo muda mfupi kabla ya bomoabomoa, alionyesha katika kitabu chake The Urban Villagers, kilichochapishwa mwaka 1962, kwamba kilichobomolewa kilikuwa jamii iliyo hai, yenye mifungamano yake na utaratibu wake. Ardhi ikakabidhiwa kwa mwekezaji binafsi, na hapo ikasimama minara ya watu wenye kipato kikubwa.

Kwa nini wakazi wa West End walishindwa? Si kwa kukosa machozi, wala si kwa kukosa hoja. Wengi wao walikuwa wapangaji. Hatimiliki haikuwa yao, ramani haikuwa yao, na walipoanza kujikusanya hukumu ilikwisha kuandikwa.

Mtaa wa pili ni sehemu ya South End iliyoitwa Kiwanja namba 19 katika ramani za wapangamiji. Humo walikaa watu wa Puerto Rico, ambao kwa mujibu wa sheria ni raia wa Marekani, lakini Boston iliwapokea kama inavyowapokea wageni: kazi ngumu, nyumba mbovu, lugha yao kudharauliwa. Nao waliandaliwa tingatinga. Tofauti ni kwamba walikuwa wameona yaliyowapata wenzao wa West End. Mwaka 1968 waliunda baraza la wapangaji, wakatangaza kwamba hawatahama kutoka kiwanja hicho, kisha wakafanya jambo ambalo West End hawakuwahi kulifikia: walidai wao wenyewe ndio wakabidhiwe ujenzi. Mwaka uliofuata mamlaka ya mji ikakubali. Kijiji cha mjini kinachoitwa Villa Victoria kikajengwa, chenye uwanja wa kukutania katikati kama miji ya kisiwani kwao. Leo South End ni miongoni mwa maeneo ghali ya Boston, na bado familia za kipato cha chini zinaishi Villa Victoria katikati ya utajiri huo. Hawakubakizwa na huruma ya mtu yeyote. Shirika lao liliishika ardhi kabla bei haijapanda.

Mtaa wa tatu, ambao ndio kiini cha makala haya, ni eneo la Dudley, linalounganisha Roxbury na sehemu ya kaskazini ya Dorchester. Huko waliishi Wamarekani weusi, wahamiaji kutoka visiwa vya Cape Verde, watu wenye asili ya Puerto Rico na Amerika ya Kilatini, na wazungu wachache waliobaki baada ya wenzao kuhama. Mabenki yalikuwa yameupa mtaa kisogo. Wapo wenye nyumba ambao, walipoona bima inalipa kuliko pango, waligeukia kiberiti. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwanja vipatavyo 1,300 vilikuwa mahame, na malori ya taka kutoka kwingineko yakavigeuza majaa. Tusikubali kuiita hali hiyo "kuchakaa", kana kwamba mtaa ni ukuta ulionyeshewa na mvua. Mtaa ule uliuawa kwa maamuzi ya watu waliokaa ofisini, wakiwa na kalamu mkononi na faida akilini.

Mwaka 1984, wakfu mmoja wa Boston unaoitwa Riley ulishtushwa na hali hiyo, ukakutanisha mashirika ya huduma yaliyofanya kazi mtaani. Wakabuni chombo cha kuufufua mtaa, Dudley Street Neighborhood Initiative, na wakakiandikia bodi ambayo viti vyake vingi vilikuwa vya mashirika na vichache vya wakazi. Nia ilikuwa njema. Walipoupeleka mpango huo mbele ya wakazi mwanzoni mwa mwaka 1985, wakazi waliukataa. Walitaka kujua ni wangapi kati ya hao waliojipa kazi ya kuwasemea wanalala mtaani humo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Watu wa Dudley waliamua kuwepo. Muundo ukaandikwa upya: wakazi wakapewa viti vingi kuliko kundi lolote lingine, na viti hivyo vikagawanywa sawasawa kwa makundi manne, yaani weusi, watu wa Cape Verde, Walatino na wazungu, bila kujali kundi lipi lina watu wengi zaidi. Nawapa heshima wale wa wakfu kwa jambo moja: walikubali kushindwa na watu waliokuja kuwasaidia. Ni wafadhili wachache wenye adabu hiyo.

Chombo hicho hakikuanza na michoro ya majengo. Mwaka 1986 kilianza na taka. Wakazi waliendesha kampeni ya kukataa kufanywa jaa la mji, wakambana Meya Raymond Flynn mpaka vituo haramu vya taka vikafungwa. Wajuzi wa "miradi" wangeona hilo ni dogo, lakini hapo ndipo watu waliosemeshwa kwa Kiingereza, Kihispania na Kikrioli cha Cape Verde walipojifunza kwamba wakisimama pamoja mlango hufunguka. Shirika linaloanza na jengo hupata wapangaji. Linaloanza na mapambano hupata wanachama. Wanachama ndio waliofanya kilichofuata kiwezekane.

Kilichofuata kilikuwa suala la ardhi. Viwanja vilivyoachwa vilikuwa kama bao la drafti: hiki cha mji, kile cha mtu aliyehama zamani, kingine cha dalali anayengoja bei ipande. Hakuna mtaa unaojengeka juu ya vipande vya namna hiyo. Serikali hutumia katika hali kama hiyo mamlaka yake ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma na kumlipa fidia mwenyewe. Ndiyo mamlaka iliyoiangamiza West End. Mwaka 1988 wakazi wa Dudley waliomba mamlaka hiyo hiyo ikabidhiwe kwao juu ya viwanja vitupu katika sehemu ya mtaa wao, na mamlaka ya maendeleo ya mji ikawapa. Lilikuwa jambo ambalo hakuna kikundi cha wakazi nchini Marekani kilichokuwa kimewahi kulipata. Silaha iliyotumika kuwafukuza wahamiaji wa mwaka 1958 ikawa mikononi mwa wahamiaji wa mwaka 1988, nao wakaielekeza kwenye viwanja vitupu bila kugusa nyumba zilizokuwa na watu ndani. Wakfu wa Ford ukawakopesha dola milioni 2 za kununulia ardhi hiyo.

Hapa ndipo linapokuja jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Ardhi iliyopatikana haikugawanywa kwa mtu mmoja mmoja, wala haikuuzwa kwa kampuni. Iliwekwa katika amana ya ardhi ya jamii. Utaratibu wake hauna fumbo. Amana inamiliki ardhi na haiiuzi. Familia inanunua nyumba iliyo juu ya ardhi hiyo na kupewa mkataba wa pangisho la ardhi wa miaka 99, unaorithishika. Kwa kuwa hainunui ardhi, bei inapungua. Familia ikitaka kuhama, inauza nyumba na kuondoka na fedha iliyolipa pamoja na ongezeko la wastani lililokubaliwa katika mkataba, lakini haiwezi kuuza kwa bei yoyote ambayo soko litataja, kwa sababu anayengoja kuingia naye ni mtu wa kipato kama chake. Ruzuku iliyotolewa mara moja inabaki ndani ya nyumba na kumhudumia wa pili, wa tatu na wa nne. Wazo hili halikuzaliwa Boston. Mwaka 1969, huko Georgia, wapigania haki za raia wakiwamo Charles Sherrod na Shirley Sherrod walianzisha shamba la New Communities baada ya wakulima weusi kufukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Nao walikuwa wamejifunza, pamoja na mengine, kutoka kwa vuguvugu la vijiji vya India lililoongozwa na Vinoba Bhave. Kwa maneno mengine, si hisani iliyobuniwa na matajiri kwa ajili ya maskini. Ni mbinu ya watu waliofukuzwa.

Amana ya Dudley leo ina nyumba zaidi ya 220: za kumilikiwa na familia, za ushirika na za kupangisha. Upo pia uwanja wa wazi wa mtaa na banda kubwa la kilimo cha mboga. Lakini kipimo cha kweli cha chombo kama hicho ni siku ya dhoruba, si siku ya kukata utepe. Dhoruba ilikuja mwaka 2008, mikopo ya nyumba ilipolipuka na familia weusi na Walatino, waliokuwa wameuziwa mikopo ya hila kuliko wengine, wakapoteza katika miezi michache walichokijenga kwa miaka. Takwimu za nchi nzima za mwisho wa mwaka 2010 zilionyesha kwamba mikopo iliyokuwa katika hatua ya kunyang'anywa nyumba ilikuwa asilimia 4.63 katika soko la kawaida, na asilimia 0.46 tu miongoni mwa wenye nyumba walio chini ya amana za ardhi. Mara 10! Na hao wa amana ndio waliokuwa na vipato vidogo. Kwa hiyo anayesema kwamba maskini hawajui kutunza nyumba na atuambie maskini yupi, na chini ya mkataba upi.

Sasa tulinganishe na njia kuu ambayo Marekani inaitumia kujengea nyumba nafuu. Tangu mwaka 1986, chini ya Rais Ronald Reagan, serikali ya shirikisho badala ya kujenga yenyewe huwapa wawekezaji, hasa mabenki, punguzo la kodi ya mapato kwa miaka 10 ili waweke mtaji katika majengo ya kipato cha chini. Majengo hayo hubanwa na masharti ya pango dogo kwa miaka 15, na kwa yale yaliyoidhinishwa tangu mwaka 1990, angalau 30. Siukatai mpango huo kwa pupa. Umejenga nyumba nyingi kuliko mpango mwingine wowote wa kizazi hiki. Lakini tazama ulichokijenga. Mwekezaji analipwa na umma katika miaka 10, masharti yanamalizika, na jengo lililolipiwa na walipa kodi linaweza kuingia sokoni, katika mtaa ambao kwa wakati huo umekwisha kupendeza. Nani aliupendezesha? Mama wa Cape Verde aliyepanda maua mlangoni, mzee wa Puerto Rico aliyefungua duka la kona, vijana walioondoa taka. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mitaa hii mgeni alikuja, mwenyeji akapona, kisha mwenyeji akampandishia mgeni pango.

Wala si dhana tu. Sheria ile inayaruhusu mashirika yasiyolenga faida kuwekewa katika mkataba haki ya kwanza ya kulinunua jengo kwa bei ndogo muda wa masharti unapoisha. Yapo makampuni yaliyogundua faida katika kununua hisa za wawekezaji wa awali na kuyapinga mashirika yanapotaka kuitumia haki hiyo. Mwaka 2018 shauri la namna hiyo lilifika katika mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts, na shirika la makazi la Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston, likashinda. Nafurahi kwamba lilishinda. Lakini ni mfumo gani huu ambao shirika la hisani hulazimika kuajiri mawakili na kupanda ngazi zote za mahakama ili kubaki na jengo lililojengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya maskini? Katika amana ya ardhi shauri hilo haliwezi hata kuzaliwa, kwa sababu hakuna siku ambayo ardhi inarudi sokoni.

Hila nyingine imo ndani ya neno lenyewe. Marekani hupima "unafuu" kwa kipato cha kati cha eneo zima la jiji. Eneo la Boston linajumuisha vitongoji vya matajiri kama Wellesley na Newton. Ndiyo maana mwaka 2023 kipato cha kati kwa familia ya watu wanne kilihesabiwa kuwa zaidi ya dola 140,000, na nyumba iliyotengwa kwa walio chini ya asilimia 60 ya kipato hicho ilimkaribisha mtu wa karibu dola 89,000 kwa mwaka. Mfagizi wa hoteli, mlezi wa wazee, dereva wa teksi, watu ambao ndio uti wa mgongo wa Roxbury, wako mbali chini ya hapo. Nyumba ikajengwa mlangoni pao, ikaitwa nafuu kwa jina lao, ikakaliwa na wengine. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hesabu ndiyo iliyowafukuza.

Nayageukia mashirika yasiyolenga faida, kwa kuwa mengi yao yatakuwa yameitikia kwa kichwa hadi hapa. Kutokulenga faida ni hali ya kisheria. Si sifa ya kimaadili, na si kinga ya mtaa. Shirika la nyumba hujiendesha kwa sehemu kubwa kutokana na ada ya uendelezaji inayotolewa kila mradi unapokamilika. Likikosa mradi, mishahara inayumba. Basi polepole swali la "wakazi wanataka nini" hugeuka kuwa "mfadhili anagharamia nini". Mwandaaji wa mikutano ya wakazi huwa wa kwanza kupunguzwa, kwa sababu mikutano haina ada. Ripoti hupelekwa juu kwa mfadhili, hazishuki chini kwa mpangaji. Mwishowe shirika lililozaliwa kumpinga mwenye nyumba linakuwa mwenye nyumba, lenye ofisi nzuri, picha za watoto wanaocheka ukutani, na barua za kuwatoa watu kwa kuchelewesha pango. Siwatuhumu wafanyakazi wake, ambao wengi hulipwa kidogo na kuchoka sana. Nautuhumu muundo. Mkazi asiyeweza kumpigia kura mkurugenzi ni mteja, hata kama mkurugenzi huyo ni malaika.

Na kura ina uzito wa pekee kwa mhamiaji. Mtu anaweza kuishi Boston miaka 20, akalipa kodi zote, akasomesha watoto, na asiwe na kura hata moja ya kumchagua diwani, kwa kuwa hana uraia. Familia ambayo baadhi ya watu wake hawana hadhi halali ya ukaazi hupunguziwa msaada wa makazi wa shirikisho kwa kadiri ya watu hao. Katika chombo kama cha Dudley, msingi wa kuwa na sauti ni kuishi mtaani. Kwa mamia ya watu, uchaguzi wa bodi ya mtaa umekuwa uchaguzi wa kwanza katika nchi ngeni ambao matokeo yake waliyaona kwa macho: taa ikawashwa, kiwanja kikazungushiwa uzio, nyumba ikajengwa. Ndiyo maana wanaotenganisha "nyumba" na "siasa" hawaelewi wanachokisema. Mtaani kwa mhamiaji, nyumba ndiyo siasa ya kwanza.

Yapo mapingamizi matatu ambayo sitayakwepa. La kwanza ni la wachumi wa soko: jengeni nyumba nyingi, bei itashuka yenyewe. Kwamba nyumba zinahitajika nyingi zaidi, nakubali bila kusita; Boston na vitongoji vyake vimezuia ujenzi kwa kanuni za kibaguzi kwa miongo mingi. Lakini soko hujenga kwanza kwa anayelipa zaidi, na kabla neema haijamshukia wa chini, familia yake imekwisha kuhamishwa mara tatu na watoto wamebadilisha shule mara tatu. Jengeni, ndiyo. Lakini mshikeni mtu pale alipo wakati mnajenga.

La pili ni zito zaidi, na aghalabu husemwa na wahamiaji wenyewe: mzungu alitajirika kwa kuuza nyumba yake kwa bei ya juu, kwa nini mtu mweusi au mgeni anapofika zamu yake awekewe kikomo? Swali hili lina uchungu wa haki, na jibu la kejeli halifai. Jibu langu ni kwamba faida hiyo haitoki mbinguni. Hulipwa na anayefuata, na anayefuata mtaani Dudley ni binamu yake aliyeshuka jana kwenye ndege. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba wa amana hujenga akiba, hupata mkopo wa bei ya kuaminika, huwarithisha watoto. Anachokikosa ni bahati nasibu. Na mwaka 2008 tuliona ni nani huliwa katika bahati nasibu hiyo.

La tatu ni la ukubwa: nyumba 220 kwa miaka zaidi ya 30 ni tone baharini. Ni kweli. Lakini tujiulize udogo huo umetoka wapi. Mamlaka waliyopewa watu wa Dudley walipewa kwa eneo moja, huku mfumo wa punguzo la kodi ukimiminiwa mabilioni mwaka baada ya mwaka. Huwezi kumnyima mtoto chakula kisha ukamlaumu kwa ufupi wake.

Afrika Mashariki nasi tunalo la kujifunza hapa, na tulikwisha kulianza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Voi nchini Kenya, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, waliokuwa wakiishi bila hati, walipewa nafasi ya kuchagua namna ya kurasimishwa wakati mtaa wao ulipoboreshwa kwa ushirikiano wa serikali na wafadhili wa Ujerumani. Walichagua amana ya ardhi ya jamii badala ya hati za mtu mmoja mmoja, kwa hofu ile ile ya Dudley: kwamba hati ya maskini hununuliwa na tajiri kabla wino haujakauka. Kilichowatesa ni sheria. Kenya haikuwa na sheria ya amana za namna hiyo, ikabidi waunganishe vipande vya sheria za jumuiya na za amana kama fundi cherehani asiye na kitambaa. Miaka 30 baadaye, mfanyakazi wa Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake anaongeza kiasi hicho hicho. Mjadala umekuwa mkali juu ya makato. Natamani ungekuwa mkali vivyo hivyo juu ya ardhi: baada ya mnunuzi wa kwanza, nani atainunua nyumba hiyo, kwa bei gani, na ruzuku ya mfanyakazi itaishia mfukoni mwa nani?

Turudi Boston kwa jambo moja la mwisho. Desemba 2019, baada ya kampeni ya miaka, kitovu cha eneo hilo, Dudley Square, kilibadilishwa jina kuwa Nubian Square, kwa sababu jina la zamani lilikuwa la familia ya watawala wa enzi za koloni iliyohusishwa na sheria zilizoruhusu utumwa. Nililipokea badiliko hilo kwa furaha. Lakini jina la uwanja halimzuii dalali. Inawezekana kabisa kuwa na uwanja wenye jina la Kiafrika usio na Mwafrika hata mmoja anayemudu kuishi kandokando yake. Kinachomzuia dalali ni ardhi isiyouzwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, popote ulipo, ukialikwa kwenye uzinduzi wa nyumba nafuu, kula chakula, pokea fulana, kisha uliza mambo matatu. Ardhi hii ni ya nani? Masharti ya unafuu yanaisha mwaka gani? Wakazi wanaweza kuiondoa bodi hii kwa kura? Jibu la kwanza likiwa mwekezaji, la pili likiwa tarehe, na la tatu likiwa kimya, basi waambie majirani zako waanze kukutana jioni hiyo hiyo. Watu wa West End walikutana baada ya hukumu. Watu wa Dudley walikutana kabla yake, na wajukuu wao bado wapo.